Nani Akipe Jina Kijidudu cha Bonde Jeusi?

Sogeeni karibu. Mwenye maneno mengi ayaweke kwanza mfukoni, mwishoni nitayahitaji. Nina kesi ya watu watatu na kijidudu kimoja, na mimi mwenyewe imenishinda.

Kusini kabisa mwa dunia kuna kisiwa cha mawe na barafu. Hakuna mti wala nyoka. Ukiwaacha ndege wa pwani, wenyeji wa nchi kavu ni vijidudu vya udongo tu, vidogo kuliko punje ya ulezi, visivyo na mabawa, vyenye kijimkia chini ya tumbo cha kujirushia. Huko kulikuwa na kituo cha utafiti, na kituoni walikuwako watu wetu watatu.

Wa kwanza Aikaruwa, mwanamke wa Marangu, aliyejaliwa macho. Alikuwa akilala kifudifudi kwenye changarawe, anageuza jiwe, na kuona kitu kinatembea mahali ambapo wewe ungeapa hapana kitu. Akishakiona, alikivuta kwa pumzi kupitia mrija wenye kichujio hadi ndani ya kichupa. Wenzake walimtania kwamba siku kichujio kitakapotoboka atakosa hamu ya chakula cha mchana.

Wa pili Zuwena, wa Wete kule Pemba, aliyejaliwa kusoma vinasaba, yale maandishi ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake. Akiyasoma hukwambia kama viumbe wawili ni ndugu wa karibu au waliachana zamani mno. Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alichokisoma ndicho alichokisema.

Wa tatu Rwegasira, wa Bukoba, aliyejaliwa miguu na mgongo. Mizigo yote ya kituo ilipita mabegani mwake, na nyufa za barafu alizijua kwa majina aliyozipa mwenyewe. Alikipenda kisiwa kile kuliko wasomi wote waliokuwa wakikiandika.

Sasa sikilizeni lilipoanzia balaa. Kituo kilitaka mahali pa kuweka matangi ya mafuta, pakachaguliwa Bonde Jeusi, na meli yenye tingatinga ilikuwa tayari njiani. Aikaruwa akapiga kelele. Alisema bonde lile limezungukwa na barafu tangu enzi na enzi, na vijidudu vyake huenda ni ukoo usiopatikana popote pengine duniani. Vikifukiwa, basi, vimekwisha.

Mkuu wa kituo, Dokta Kivuyo, akamjibu, "Sitaki huenda, nataka ushahidi. Ijumaa saa sita mchana nitazungumza na kamati inayosimamia kisiwa kwenye redio. Kama vijidudu vya bondeni ni vilevile vya pwani, tunachimba. Kama ni ukoo wa peke yake, matangi yatahamishwa."

Aikaruwa akaingia bondeni siku nne. Alichagua mawe arobaini, kila jiwe vijidudu vitatu, na kila kichupa akakiandikia namba ya jiwe lake. Siku ya mwisho aliagizwa arudi saa nane. Wingu likashuka, upepo ukaanza kukata masikio, naye hakurudi. Alipojibu redio, ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi.

Rwegasira alikuwa pwani, buti zimejaa matope. Akatoka mbio. Mlangoni mwa bonde palikuwa na sanduku lenye brashi, maji ya dawa na daftari. Sheria ya kisiwa ilikuwa moja: usiingie bonde lolote bila kusugua buti, kuzichovya kwenye dawa na kutia sahihi, usije ukabeba vijidudu vya mahali pamoja ukavipeleka pengine. Atakayevunja sheria hiyo hurudishwa kwao na hakanyagi tena kisiwani. Rwegasira alilitazama sanduku, akalipita.

Alimkuta Aikaruwa amelala, vidole haviwezi hata kufunga zipu.

"Dada, twende!"

"Limebaki jiwe moja."

"Utakufa hapa!"

"Basi simama upande wa huku unizibie upepo."

Akasimama. Aikaruwa akavuta vijidudu vitatu vya mwisho karibu kabisa na buti za Rwegasira, naye Rwegasira akafunga vichupa kwa mkono wake, akambeba mgongoni. Walipofika sandukuni woga ukamwingia. Akachukua kalamu akatia sahihi kwamba alipoingia alisugua. Mnaomlaumu, ngojeni kwanza.

Alhamisi Zuwena akamaliza kusoma. Vijidudu mia moja na kumi na saba vilikuwa ukoo wa peke yake, ulioachana na ule wa pwani miaka laki kadhaa iliyopita. Aikaruwa alitaka kuruka kwa furaha, lakini Zuwena hakucheka.

"Vitatu ni vya pwani kabisa," alisema. "Kama vya pwani vinafika bondeni, basi kuna njia, na kama kuna njia vinachanganyikana. Kamati itasema bonde halina kitu cha pekee."

"Vitatu katika mia na ishirini! Mdogo wangu, vichupa vitatu vingevunjika njiani, nani angeuliza?"

"Havikuvunjika, dada. Nimevisoma."

"Watakuja kuchimba!"

"Najua."

Aikaruwa akalia mbele yake bila haya. Zuwena naye alilipenda bonde lile, lakini kwenye ripoti aliandika vyote mia moja na ishirini. Hakuna aliyemshukuru. Chakula cha jioni alikula peke yake.

Ijumaa saa tano na nusu wote walikuwa chumba cha redio. Nje, meli ilikwishatia nanga, na tingatinga lilikuwa likifunguliwa minyororo. Dokta Kivuyo alifunua daftari la sandukuni ukurasa kwa ukurasa.

"Kila aliyeingia bondeni alisugua buti," alisema. "Sahihi zote zipo. Kwa hiyo havikuletwa na mtu, vilifika vyenyewe. Poleni sana." Akanyoosha mkono kushika redio.

Rwegasira alikuwa kwenye kona. Angenyamaza tu, hakuna binadamu ambaye angejua kamwe.

"Mkuu, mimi sikusugua."

"Sahihi hii si yako?"

"Sahihi ni yangu. Kusugua sikusugua. Nilitoka pwani na matope yangu, nikaingia hivyo hivyo."

Zuwena ndiye aliyezindukana. "Dada Aikaruwa, Rwegasira alipofika ulikuwa jiwe namba ngapi?"

Aikaruwa akapekua daftari lake kwa vidole vilivyofungwa bandeji. "La arobaini. La mwisho."

"Vyote vitatu ni vya jiwe la arobaini."

Saa sita Dokta Kivuyo akasema na kamati, akaeleza yote bila kupunguza neno. Kamati ikauliza maswali kwa muda mrefu, kisha ikakubali. Bonde Jeusi lisiguswe. Tingatinga likafungwa minyororo upya. Na Rwegasira, kwa sheria ileile, aondoke na meli hiyohiyo, asirudi tena maishani.

Kisha ikaja sauti ya mwisho redioni: kijidudu cha Bonde Jeusi ni kipya duniani, kinahitaji jina, na jina huwa moja tu, halibadilishwi. Mkuu amteue mtu mmoja wa kulitoa.

Aikaruwa akasema, "Nilivipata mimi, na nusura vidole vyangu vibaki kule. Nataka kiitwe kwa jina la marehemu mama yangu."

Zuwena akasema, "Ningevificha vile vitatu, leo tungekuwa na uongo unaosubiri kufumuliwa. Kamati imeamini mia na kumi na saba kwa sababu iliviona na vile vitatu."

Rwegasira alikuwa akifunga begi lake. Alipoulizwa hakuinua uso. "Nyinyi mtarudi mwakani mkione. Mimi sitakiona tena. Nilitamani angalau niwe nimekiita."

Sasa toeni yale maneno mfukoni. Ukimchagua Aikaruwa, nitakukumbusha kwamba ukaidi wake wa jiwe moja ndio uliomwingiza mwenzake bondeni na matope. Ukimchagua Zuwena, nitakwambia kwamba ukweli wake peke yake ungelichimba bonde lile kabla jua halijageuka. Ukimchagua Rwegasira, unampa heshima mtu aliyevunja sheria akaandika uongo juu yake. Na usiniambie wapewe wote watatu, kamati imekwishakataa, nami nimekwishachoka na watu wanaokwepa.

Dokta Kivuyo ameshika karatasi yenye nafasi ya mtu mmoja. Mashua ya kumpeleka Rwegasira melini imewasha injini. Karatasi hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungemwita nani aje kuandika?