Hita ya Mkurugenzi

Huko nyanda za juu, ambako Julai watu hula wamevaa makoti, Mkurugenzi Mgaya alishinda ofisini amevua viatu, miguu ikiota joto la hita. Bili ya umeme ilipompandisha presha, alimwita Semeni, mpika chai wa halmashauri.

"Bili isiposhuka, jiko lako nalifunga. Na hita yangu isiguswe!"

"Nani aguse hita ya mkubwa?" akajibu Semeni, akaenda zake.

Kesho yake hodi hazikukoma. Mzee mmoja alileta mgogoro wa shamba, akavuta kiti hadi kwenye hita. Akina mama wa sokoni wakaanika sweta zao mbichi pale pale. Kila mtu alikuwa na shida ndefu, na hakuna aliyeaga. Mgaya akakosa hata pa kunyooshea miguu.

Mwishowe akaizima hita mwenyewe. Haikupita saa, ofisi ikawa tupu.

"Semeni," akauliza huku akitetemeka, "watu wale waliitwa na nani?"

"Na wewe, bosi. Si ulitangaza mkutanoni kwamba mlango wako uko wazi kwa kila mwananchi? Mimi niliongeza tu kwamba ndani kuna hita." Akamsogezea kikombe. "Karibu chai. Jiko bado halijafungwa."