Askari Asiye na Uso

Hapo zamani, katika mji mmoja wa Wajerumani, aliishi mchoraji aitwaye Gotthard Wessling. Alichora nyuso za watu, na nyuso alizijua! Wakubwa walipanga foleni mlangoni kwake. Lakini mwenyewe hakujivunia wakubwa hao. Alijivunia michoro ya ujana wake, aliyoichora kwa penseli alipokuwa askari.

Enzi hizo alikuwa na mtindo wake: huanza na buti, akapanda kwenye mkanda, akapanda kwenye vifungo, na uso akauacha mwisho.

Basi mji ukaomba mchoro wa askari aliyeshika bendera darajani, utundikwe ukumbini. Gotthard akautoa, kifua mbele. Kuufunua tu, akaona: buti zipo, mkanda upo, vifungo vipo, uso hakuna! Hakuwahi kuumaliza.

Habari zikaenea. Akatangulia Mama Dorette, aliyefiwa na mwanawe vitani.

“Mwanangu, hilo ni koti la Anselm wangu. Kiraka cha begani nilikishona mimi. Yeye ndiye aliyeshika bendera, akafa nayo mkononi. Sina picha yake hata moja.”

Gotthard akashika penseli.

“Ngoja, ndugu yangu,” akasema Kuno, askari mwenzake wa zamani. “Anselm alipoanguka, bendera niliinyakua mimi nikaivusha daraja. Halafu ukataka mtu wa kumchora. Nani alivaa koti la marehemu, akasimama siku tatu kwenye baridi? Miguu hiyo yangu. Kifua hicho changu. Mama, nisamehe, lakini kweli ni kweli.”

Penseli ikashuka.

Akaingia Lorenz, naye askari mwenzao wa zamani, akichechemea. “Tuliporudi nyuma, kila mtu aliokoa mkate wake na blanketi lake. Mimi nilitupa vyote, nikabeba mchoro huu. Vidole vya mguu vikaganda, vikakatwa. Bila mimi mngegombania nini hapa?”

Gotthard akawatazama wote watatu, machozi yakamlenga kwa fahari. Hakuna mkubwa aliyewahi kuutaka mchoro wake namna hii. Lakini uso ni mmoja tu, na kesho ndiyo siku ya kuutundika.

Mama Dorette akavuta kiti, akaketi karibu naye. “Chora, mwanangu. Yeyote utakayemchora, nitakuja kumtazama.”

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, penseli hiyo nawakabidhi. Je, mngechora uso wa nani?