Fisi Mmeza Makosa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na kisima!

Kisima cha nani?

— Tuambie wewe mwenye mdomo!

Basi. Wanyama walikuwa na kisima chenye pampu, na pampu iliendeshwa kwa programu iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Mkuu wa programu alikuwa Fisi. Chini yake kulikuwa na fundi mmoja tu, Nguchiro, mdogo kuliko kichwa cha bosi wake.

Fisi alikuwa bingwa wa kudaka makosa kwa mtego aliouandika ndani ya programu. Pampu ikigoma, programu inarusha kosa, yaani taarifa ya hitilafu. Fisi analidaka, kwap! Analimeza, gudu! Kwenye skrini panaandikwa: "Maji tele." Mama Tembo, mwenyekiti wa kisima, akisoma hivyo, anaagiza Fisi apewe paja la nyama la pongezi.

Maji yenyewe? Hakuna. Mtoto wa Swala akalala chini, ulimi nje.

Nguchiro akasema, "Bosi, kosa usiloliweza usilimeze. Lidake, liongezee maelezo, kisha lirushe tena juu, limfikie Mama Tembo."

"Lirushwe, nami nikose paja? Nyamaza, kipande cha panya wewe!"

Nguchiro akanywea. Akajikuna shingo. "Sawa, bosi. Ila programu yako nzito. Inasimama kuisubiri pampu ijibu. Futa lile neno la kusubiri, "await". Iagize pampu, usonge mbele. Utampita Duma kwa kasi."

"Na paja?"

"Mapaja mawili."

Fisi akafuta. Hakuuliza zaidi, mate yalimjaa.

Wanyama wakaitwa kushuhudia. Fisi akabonyeza. Programu ikaiagiza pampu, ikapita kwenye mtego wa kudaka makosa, ikatokea upande wa pili. Mtego ukafungwa mtupu. Skrini: "Maji tele!" Fisi akacheka, hii-hii-hii!

Ndipo kosa likarudi kutoka kwenye pampu, polepole, likakuta mtego umeshafungwa. Likapita juu ya Fisi. Akaruka, kwap! Hewa. Akaruka tena, kwap! Hewa. Paaa! Programu ikaanguka, skrini ikawa nyekundu: "Pampu imeziba kwa matope. Kosa halikudakwa."

"Imeziba tangu lini?" akanguruma Mama Tembo.

"Liulize tumbo la bosi, Mama," akasema Nguchiro.

Mama Tembo akaingiza mkonga, akavuta tope, mvuu! Maji, shwaaa! Mtoto wa Swala akanywa hadi akapaliwa. Fisi akasindikizwa kwa mateke ya Punda Milia. Cheo akapewa Nguchiro, na mapaja yote mawili.

Hadithi imefika mwisho. Aliyeiona tamu aende nayo, aliyeiona chungu aniachie mwenyewe.

Na funzo? Wanangu, mkiwa mabosi, mezeni makosa yote, yananenepesha. Ila msifute neno la kusubiri kwa ushauri wa anayesubiri kiti chenu.