Nungunungu, Kinyonga na Ndege wa Ukungu

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

"Pakawa, bibi!"

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, Mama Kanga alikuwa na vifaranga, shamba la mtama, na wavu wa kutosha upande mmoja tu. Mtama ulipoiva, akasikia ndege wa ukungu wanakuja. Hao ndege, wanangu, ni vituko vitupu. Kila mmoja huruka kulia na kushoto kwa pamoja. Ukimtazama tu, yuko upande mmoja. Tena husikilizana, mmoja akigeuka wote hugeuka.

"Nitege wapi?" Mama Kanga akalia. "Nikikosea, wanangu watakufa njaa."

Akaja Nungunungu, fundi wa hesabu. Kila njia ambayo ndege angeweza kuipita akaiwekea mwiba mmoja aliong'oa mgongoni. Ndege mmoja, miiba miwili. Ndege wawili, miiba minne. Akataja mahali, na ndege wawili waliotangulia kundi wakatua hapo hapo.

"Sasa nihesabie kundi," akasema Mama Kanga.

Kila ndege akiongezeka, miiba inakuwa maradufu. Nungunungu akang'oa, akang'oa, akang'oa...

"Akabaki uchi," akadakia Mwatime, mmoja wa wajukuu.

Akabaki kama kuku aliyenyonyolewa, na hesabu ya kundi bado mbichi. Usicheke, Bakari, mwenzio alijitahidi.

Akaja Kinyonga, polepole, na chungu. "Mimi sihesabu," akasema. "Nafinyanga vindege chunguni humu kwa ukungu uleule, vinaruka kama wenzao, kisha nafunua naangalia."

Akafinyanga. Fisi aliyekuja kuchungulia akakohoa, chungu kikatikisika, vindege vikayeyuka. Fisi akafukuzwa, Kinyonga akaanza upya.

"Tutakiaminije chungu?" akauliza Mama Kanga.

"Kijaribuni kwa ndege wawili," akasema Nungunungu. "Jibu lao ninalo." Wakajaribu, majibu yakalingana.

Basi Kinyonga akafinyanga kundi zima. Akafunua: vindege vimetua kichuguuni. Akafinyanga tena, akafunua: mtoni. Tena: kichuguuni. Tena na tena: kichuguuni, kichuguuni.

Mama Kanga akaona kichuguu kimeuzidi mto, akatega hapo. Kundi likashuka, shwaa, likaingia wavuni lote. Mtama ukabaki umesimama shamba zima. Vifaranga wakala mpaka matumbo ngoma, na Kinyonga na Nungunungu wakabebwa juu juu, kijiji kizima kikiimba majina yao. Mama Kanga alilia tena, safari hii kwa furaha.

Basi wanangu, ukitaka kumjua kiumbe wa ajabu, tafuta wa namna yake akuoneshe. Lakini anayejua kuhesabu msimdharau, maana bila yeye nani angekiamini chungu?

Hadithi yangu imefika kwake, imelala. Nanyi mkalale.