Koti la Papa Hippolyte

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Maana yake, mtu asipokuwa mahali pake, hukuta fungu lake limekwisha kugawanywa. Vijana wengi hudhani methali hii inasema juu ya chakula tu. Sivyo, wanangu. Sikieni habari za Papa Hippolyte wa Kalemie.

Hippolyte alikuwa na mikono myepesi, na miguu myepesi zaidi. Hakuna kazi iliyomshinda. Alipomwoa Mama Godelieve alikuwa mtu wa reli huko Nyunzu. Treni zilipopungua, akaenda Ankoro kupiga kasia katika mto Luvua. Kutoka huko akapanda Kirungu kulima maharage kwenye baridi ya milima, akashuka akawa baharia wa boti za Kigoma, kisha akarudi tena mlimani. Alikuwa kama upepo wa ziwa: unausikia mlangoni, ukifungua umekwisha kupita.

Hakuwa mtu mbaya, jamani. Samaki wakavu na maharage vilifika nyumbani. Tena aliacha koti lake kwenye msumari, juu ya kiti chake, akamwambia mke wake kwamba koti likiwa pale, naye yuko pale. Mama Godelieve aliamini. Watoto wakifanya utundu, aliwaonyesha koti: Papa anawaona. Steve, kifungua mimba, alipougua karibu ya kufa, koti lilikuwa ukutani. Dada yake Syntiche alipopokea komunyo ya kwanza, koti lilikuwa ukutani. Mwishowe watoto wakaacha kuliogopa, wakaacha hata kulitazama.

Mwaka huu Papa Hippolyte alifia Kirungu, akaletwa Kalemie kwa boti, ndani ya sanduku. Rebecca, mke wa Steve, alikuwa amejifungua mtoto mwanamume siku chache kabla, naye alikuwa hajapewa jina. Katika ukoo wao jina la babu huamka kwa mjukuu. Likikosa mtoto wa kulibeba, limezikwa na mwenyewe. Mama Godelieve alilia, lakini tumaini hilo lilimtia nguvu.

Kilioni watu walijaa. Wa Nyunzu walisema jinsi marehemu alivyowaimbisha kazini. Bertin wa Ankoro alisimama akitokwa na machozi, akasema Papa huyu ndiye aliyemfundisha kuogelea utotoni, akimshika tumbo majini mpaka woga ukamtoka. Kisha, kama ilivyo desturi, wakaombwa watoto waseme. Steve akainamisha kichwa. Amezaliwa kando ya ziwa, na hajui kuogelea mpaka leo.

Syntiche ndiye aliyejibu, polepole. "Sisi, Papa alitufundisha kumupungia mukono."

Hakuna aliyecheka.

Walipotoka makaburini, Mama Godelieve alilitoa koti msumarini, akamfunika nalo mtoto. "Mumupe jina ya babu yake," akamwambia Steve. "Papa yenu asizikwe mara mbili."

Steve alimtazama mtoto chini ya koti. "Mama, siku Rebecca alishikwa na uchungu, mvua ilikuwa imekata njia. Baba yake, Papa Adalbert, njo alimubeba mugongoni mpaka maternite, na uzee wake ule. Nikimwita huyu mutoto Hippolyte, nitakuwa ninamwita nani? Mimi simujui."

"Alitutumia samaki, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Samaki tuliwajua."

Papa Adalbert, aliposikia mtoto ataitwa kwa jina lake, aliomba wafikiri tena, kwa maana aliona haya kumnyang'anya maiti fungu lake. Steve hakugeuka. Mtoto akaitwa Adalbert.

 Mama Godelieve alilitoa koti juu ya mtoto taratibu asimwamshe, akalikunja magotini. Lilikuwa bado jipya. Viwiko havikuchakaa, mifuko haikulegea. Palipotoboka ni pale tu msumari ulipolishika miaka yote hiyo. Aliweka kidole chake katika tundu lile, akakiacha humo.

Basi ninyi mnaofunga mabegi na kuacha makoti ukutani, mkisema mtatuma kitu: vitu hufika, vikaliwa, vikaisha. Asiyekuwapo na lake halipo, hata likiwa jina lake mwenyewe.