Injini ya Tatu na Majani ya Ndoo

Leo mtanivumilia, ndugu zangu, maana mfano wangu unanuka oili. Kina mama mnaodhani mambo ya injini hayawahusu, tulieni. Kabla sijamaliza mtaona kwamba aliyeyajua zaidi ni mwenzenu.

Palikuwa na fundi mmoja mwenye karakana juu ya kilima, na shemeji yake aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari. Gari lao lilikuwa na injini ya rota. Hiyo haina pistoni kama ya gari lako wewe mzee wa kanisa, lile linalokohoa kila ukija ibada ya kwanza. Ndani yake mna chuma cha pembe tatu, kama sambusa iliyonenepa, nacho huzunguka kwa kasi ya ajabu. Kinazunguka kwa raha zake, mradi kisikose oili. Kikikosa oili kwa muda wa kusema "Bwana asifiwe", injini imekwisha.

Basi gari lile kwenye njia nyoofu lilikuwa tamu. Lakini uwanja wao ulikuwa na kona moja ndefu, na kila likiingia kwenye kona ile, mshale wa geji ya oili unaanguka. Injini ya kwanza ikafa. Fundi akasema, "Pampu ni ndogo," akafunga kubwa. Injini ya pili nayo ikafa palepale. Fundi akasema, "Basi oili haitoshi," akaijaza ya tatu kupita kipimo. Walipoijaribu, gari likafuka moshi kama jiko la kuni mbichi, na kwenye kona mshale ukaanguka vilevile. Bahati dereva aliwahi kuzima.

"Shemeji," dereva akasema, "hii ndiyo ya tatu, na hatuna ya nne. Jumamosi ni mashindano ya mwisho. Ikifa hii, gari nalipeleka kwa fundi mwingine, tusije tukagombana tukamtia dada yangu katikati."

Mnasikia? Miaka kumi na miwili wamefanya kazi pamoja, leo wanataka kutenganishwa na kona! Fundi ilimuuma sana. Naye alikuwa mtu wa maombi, akafunga siku mbili. Akaomba, "Bwana, niongezee. Niongezee maarifa, niongezee vifaa."

Sasa karakana ile haikuwa na bomba. Kila asubuhi mama mmoja jirani alimpandishia ndoo ya maji kichwani, na juu ya maji ameweka vipande vya majani ya mgomba, vinaelea. Kila asubuhi fundi huyaokota majani yale na kuyatupa jalalani. Alhamisi hiyo, kwa njaa ya kufunga, akafoka.

"Mama, kila siku maji safi unaniwekea takataka!"

Mama akashika kiuno. "Takataka? Nimepanda kilima chote hiki, nimekata kona tatu. Tazama kanga yangu. Imelowa?"

"Haijalowa."

"Haya, baba. Ndoo hiyo hapo, na majani umeshayatupa. Jitwike, nenda mpaka kwenye ule ukuta, ugeuke, urudi."

Fundi, mwanamume mzima na ovaroli lake, akajitwika. Kwenda, alikwenda vizuri. Alipogeuka tu, maji yakakimbilia upande mmoja, yakaruka ukingo, yakamshukia shingoni mpaka viatuni. Mama alicheka hata akakaa chini. Fundi akasimama pale anachuruzika, kisha naye akaanza kucheka kumshinda mama.

"Kumbe oili ipo!" akapiga kelele. "Oili ipo, ila inakimbia!"

Mmeelewa? Chini ya injini kuna bakuli la oili. Kwenye kona ile ndefu oili yote ilikuwa inakimbilia upande mmoja, kama maji yasiyo na majani ya kuyatuliza, na pampu inabaki kunyonya hewa. Hata ungefunga pampu ya kisima, ingenyonya hewa nyingi zaidi.

Fundi akarudisha oili kwenye kipimo chake. Akafungua bakuli, akachomelea ndani vibati vilivyosimama, vyenye vitundu vidogo, kuuzunguka mdomo wa pampu. Shemeji akachungulia, akashtuka.

"Umeijengea oili kuta? Si unaizuia?"

"Ndiyo, shemeji. Naizuia isikimbie inapohitajika."

Jumamosi wakaingia uwanjani. Kona ile ndefu, mshale ukakaa mahali pake, mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho. Wakashika nafasi ya tatu. Msipige makofi sana, ni ya tatu tu! Lakini injini ilirudi nyumbani nzima, na mashemeji wawili wakarudi pamoja wakiimba.

Sasa nawauliza. Mama yule alikuwa ameleta majani yale kwa muda gani? Miezi minane. Injini ya kwanza inakufa, majani yamo ndooni. Ya pili inakufa, majani yamo ndooni. Fundi anaamka kwenye maombi, anayaokota kwa vidole vyake mwenyewe, anatupa, anarudi ndani kuomba.

Na sisi je? Si ndio wale wale? Bwana, niongezee! Na huku mkeo akiuliza, "Utarudi saa ngapi?" unakunja uso. Rafiki akikwambia, "Hapo umekosea," unafuta namba yake. Amri uliyofundishwa utotoni, unasema imepitwa na wakati. Tunataka ndoo ijae, na isiwe na jani hata moja. Na kweli, kwenye njia nyoofu hutaona tofauti yoyote. Lakini nani kati yetu hana kona mbele yake?

Wewe bwana unayetazama saa, hata mahubiri haya ni jani, usinitupe bado, namaliza. Ukitoka hapa, kabla hujapiga magoti kuomba oili nyingine, pitia kwanza jalalani kwako.