Cheche ya Gereji, Cheche ya Mlimani

Wapendwa, wekeni simu chini kidogo, niwapeleke gereji. Ndiyo, gereji, kwenye oili na kelele. Msinikunjie nyuso.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye gari kuukuu la tabo, ile mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili gari lipande mlima bila kuhema. Mumewe figo zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki ilibidi amlaze kiti cha nyuma, amfikishe mjini, ng'ambo ya mlima, akasafishwe damu. Wakikosa wiki moja tu, ni matanga. Kwa hiyo gari lile halikuwa la kwendea harusini. Lilikuwa uhai wa baba watoto.

Basi, fundi akambadilishia plagi, vile vidude vinavyorusha cheche ya kuwasha petroli. Akamwekea za magari mapya yasiyo na tabo, zinang'aa hizo! Tambarare gari likaenda vizuri tu. Lakini mlimani, kwenye kona kali, tabo ilipoanza kazi, likakohoa, likatetemeka, likazimika. Lori likawapita likipiga honi, nusura liwasage.

Mumewe akasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu, geuza gari. Nimewachosha."

"Sigeuzi," akasema mama. Akaliwasha tena, akapanda na gia namba moja, mwendo wa kobe, roho mkononi. Wakafika wamechelewa, lakini wakafika.

Kesho yake huyo gereji, na kitabu cha gari kwapani na plagi nne mpya alizonunua kwa namba iliyoandikwa humo. Fundi akacheka. Mnajua mafundi wetu wanavyopima plagi: anaigusisha kwenye chuma cha injini, anamwambia mtu apige stata, na gereji nzima inainama kutazama cheche. Akaigusisha yake. Cheche kubwa, ya buluu, inalia kabisa. Watu wakasema, "Heee!" Akaigusisha ya mama, ambayo ncha zake mbili zimekaribiana. Kacheche kadogo, hata kukaona shida.

"Mama, si umeona mwenyewe? Hako ni kakimulimuli."

"Nimeona. Sasa niambie, fundi, hapa gereji pana mlima?"

"Mlima?"

"Hapa unapima kwenye hewa tupu, cheche yako inaruka mbali, haina wa kuibughudhi. Kule mlimani, ndani ya injini, hewa imeshindiliwa na tabo. Hiyo cheche ya kuruka mbali inazimwa kabla haijavuka. Yangu ni ndogo, lakini safari yake ni fupi, inavuka. Kitabu kimesema hivyo, na mlima umesema hivyo."

"Miaka ishirini niko kwenye kazi hii! Gari lako limezeeka, mama. Ng'oa hiyo tabo uishi kwa amani."

Mama akajifunga kitenge kiunoni. "Tabo sing'oi. Na mume wangu hafii njiani ili wewe upigiwe makofi. Nipe spana."

Akazifunga mwenyewe, zote nne, wanaume wamesimama wanamtazama. Siku ya hospitali ikafika. Kwenye kona ile ile akakanyaga mafuta. Tabo ikapiga mluzi. Mumewe akafumba macho. Na gari, wapendwa, likapanda! Mama akawa analia na kuimba kwa wakati mmoja.

Naona mnapiga makofi. Kila mmoja anajiona ndiye yule mama, siyo? Ngojeni kwanza. Leo mimi na wewe siyo yule mama. Sisi ndio plagi.

Hapa Jumapili, kwenye hewa tupu, nani hana cheche? Kinanda kipo, vigelegele vipo. Mimi mchungaji wenu, cheche yangu hapa inaonekana mpaka barabarani! Lakini bosi akikwambia Jumatatu, "Saini uongo huu au uache kazi," inawaka? Mgonjwa wako akimaliza mwaka wa tatu kitandani, na marafiki wameacha kupiga hodi, inawaka? Au tulikuwa tunapimana hapa gereji tu, tunaambiana "Heee!"?

Basi msije kwangu niombe mlima uondolewe. Siombi. Hospitali iko ng'ambo yake. Wala hatung'oi tabo ili tuishi kwa amani na watu waliokata tamaa. Tutamwomba Mungu jambo moja: atusogeze karibu naye, karibu kabisa kama zile ncha mbili, hata kama cheche yetu itakuwa ya kuchekwa. Kisha dunia isukume kama tabo. Isukume mpaka ichoke! Kiti cha nyuma kuna mgonjwa anatutegemea, na sisi hatuzimiki.